Tineja, ndege wa Misri na Bwana Maridadi

Kila likizo ya shule inapokaribia kuna swali ninalolisikia kwa watu wa rika langu, na zaidi kwa kaka na dada zetu waliotutangulia kuzaa: huyu mtoto wa miaka 14 tumpeleke wapi? Zamani jibu lilikuwa moja tu, kijijini kwa bibi. Siku hizi wenye uwezo wanafikiria Dubai, Afrika Kusini, au London kwa shangazi. Na malalamiko ya baadaye huwa yale yale. Mzazi kajinyima miaka miwili, kahangaika na viza, wamefika huko mtoto kanuna, hataki kupigwa picha, kila asubuhi anauliza tunarudi lini.

Mimi si mshauri wa malezi na mtoto wa umri huo sina. Lakini historia naipenda, na katika kusoma kwangu nimekutana na familia moja ambayo ilisafiri na matineja wake mara mbili katika vizazi viwili, na safari ya pili ikawafikisha hapa kwetu, Mombasa, wakapanda reli, wakavuka Naivasha hadi Uganda. Wapagazi wetu wakawapa majina ya Kiswahili. Nadhani kisa chao kina jibu la lile swali, na kina onyo pia. Naomba uvumilivu wako, msomaji, maana nitaanzia mbali kidogo, New York.

Theodore Roosevelt, yule aliyekuja kuwa Rais wa 26 wa Marekani, alizaliwa mwaka 1858 katika familia ya wafanyabiashara matajiri. Nyumbani walimwita Teedie. Alikuwa mtoto mgonjwa mgonjwa, pumu ilimsumbua usiku mpaka baba yake akawa anamtoa nje kwa gari la farasi ili apate hewa. Mwaka 1869, Teedie akiwa na miaka 10, baba aliichukua familia yote kwenda Ulaya. Haikuwa likizo ya wiki mbili kama za kwetu. Walikaa mwaka mzima: Uingereza, Uholanzi, Ujerumani, Uswisi, Italia, Ufaransa. Makanisa, majumba ya sanaa, hoteli nzuri.

Unajua matokeo yake? Roosevelt mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1913, alisema aliichukia safari ile, yeye na wadogo zake pia. Raha pekee waliyopata ilikuwa kuwatoroka wakubwa na kucheza kwenye magofu na ndani ya hoteli. Walitaka kurudi nyumbani. Basi mzazi ambaye mtoto wake amenuna mbele ya mnara maarufu asidhani ameletewa balaa jipya na simu za mkononi. Mwaka 1869 simu hata ya waya ilikuwa haijavumbuliwa, na watoto walinuna vile vile.

Baba hakukata tamaa. Oktoba 1872 wakaondoka tena, safari hii lengo likiwa Misri. Teedie alikuwa anatimiza miaka 14 mwezi huo huo. Kwenye msafara walikuwepo dada mkubwa Anna mwenye miaka 17, Elliott miaka 12, na Corinne miaka 11. Wakapita Uingereza na bara la Ulaya, wakavuka Bahari ya Mediterania, wakafika Alexandria mwishoni mwa Novemba.

Misri wakati ule ilikuwa imeanza kuwa mahali pa likizo za matajiri wa Magharibi. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, na mwaka huo huo Mwingereza Thomas Cook alianza kupeleka makundi ya watalii Mto Nile. Waliokuwa na pesa zaidi hawakusafiri kwa makundi. Walikodi dahabiya, mashua kubwa ya matanga yenye vyumba vya kulala, wapishi na mabaharia wake. Familia ya Roosevelt ilikodi moja, na Desemba 1872 wakaondoka Cairo kupanda mto kuelekea Aswan, wakaishi majini kwa takriban miezi miwili.

Na hapo ndipo yule mtoto aliyeichukia Ulaya alipobadilika kabisa. Kwa nini? Kwa sababu safari hii alikuwa na kazi.

Kabla ya kuondoka Marekani, Teedie alikuwa amejifunza kwa mzee mmoja, John Bell, jinsi ya kumchuna ndege na kumjaza ili ahifadhiwe. Mzee huyo aliwahi kufuatana na Audubon, yule mchoraji mashuhuri wa ndege wa Amerika. Baba alikuwa amempa mwanawe bunduki, na walipogundua kwamba haoni mbali, akamnunulia miwani. Roosevelt anasema miwani ile ilimfungulia dunia, maana kabla ya hapo hakujua kwamba wenzake wanaona vitu asivyoviona yeye. Alipofika Cairo alijipatia kitabu cha ndege wa nchi ile kilichoandikwa na mchungaji mmoja wa Kiingereza. Bunduki, miwani, kitabu. Akawa anashuka mashuani, anapanda punda, anapotelea mashambani, akirudi ana ndege. Anawachuna, anawapaka dawa, anaandika jina la kila mmoja kwa Kilatini.

Mdogo wake Elliott, aliyelala naye chumba kimoja walipokuwa safarini, aliomba apewe chumba chake, kwa sababu matumbo ya ndege kwenye beseni la kunawia yalimshinda. Nadhani wenye ndugu mnamwelewa.

Kitu kilichonigusa zaidi ni baba. Huyu alikuwa mtu mzima, tajiri, mmoja wa waanzilishi wa makumbusho makubwa ya viumbe na mazingira kule New York mwaka 1869. Angeweza kabisa kukaa kivulini mashuani anasoma gazeti. Lakini barua zake zinaonyesha kwamba alimfuata mwanawe kwenye matope ya kingo za Nile, karibu azame, kwa sababu aliona hawezi kumwacha kijana amtangulie. Hakumvuta mtoto aje kwenye mambo ya wakubwa, yeye ndiye aliyeingia matopeni.

Baada ya Misri walipitia Palestina na Syria, wakaenda Istanbul, kisha Vienna, ambako baba alikuwa na kazi ya kuiwakilisha Marekani kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1873. Watoto watatu wadogo wakaachwa Dresden, Ujerumani, miezi kadhaa, kwa familia ya wenyeji, wajifunze Kijerumani. Ndege wa Teedie, wale wa Nile na Palestina, baadaye aliwakabidhi kwa taasisi ya Smithsonian, Washington. Alipozeeka aliihesabu safari ile ya pili kuwa sehemu ya maana ya elimu yake.

Mpaka hapa ni hadithi tamu, na washauri wa malezi wangeishia hapa: mpe tineja kazi, mfuate anakokwenda, atafurahi. Nakubaliana nao. Ila mimi ni mwandishi wa habari, na mwandishi wa habari huuliza swali moja zaidi: kijana huyu aliona nini, na nini hakukiona?

Alipokuwa akihesabu ndege, Misri ilikuwa inazama. Mtawala wake, Ismail, alikuwa amekopa Ulaya kupita kiasi kwa ajili ya mfereji, reli na majumba. Waliobeba mzigo ni wakulima wale wale ambao Teedie alipita mashambani mwao na bunduki, kwa kodi na kwa kazi ya kulazimishwa. Mwaka 1875 Ismail aliiuzia Uingereza hisa za Misri katika mfereji, mwaka 1876 nchi ikashindwa kulipa madeni, mwaka 1882 Waingereza wakaingia na jeshi. Simlaumu mtoto wa miaka 14 kwa kutoyajua haya. Hakuna mkubwa aliyemwelekeza kutazama huko. Alielekezwa ndege, akaona ndege.

Sasa turuke miaka 37 mbele, maana safari ya pili ndiyo yetu.

Machi 1909 Roosevelt alimaliza urais. Wiki chache tu baadaye, tarehe 21 Aprili 1909, aliteremka Mombasa. Hakuja peke yake. Alimleta mwanawe Kermit, aliyekuwa na miaka 19 na ameacha kwa muda masomo yake Harvard ili afuatane na baba. Msafara ulikuwa kwa niaba ya Smithsonian, kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho. Tajiri Andrew Carnegie alichangia gharama, na jarida la Scribner's lilimlipa Roosevelt dola 50,000 kwa makala atakazoandika.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba Roosevelt alimfanyia Kermit kile kile alichofanyiwa yeye. Hakumleta kijana kama mzigo wa kufuatana na wakubwa. Alimpa kazi: Kermit ndiye alikuwa mpiga picha wa msafara, na picha zake nyingi zimo kwenye kitabu cha baba. Pia alikuwa mwindaji kamili. Hesabu waliyoitoa wenyewe inasema baba aliua wanyama 296 na mtoto 216. Jumla 512. Msafara mzima, pamoja na wataalamu watatu wa Kimarekani waliokuwa nao, ulipeleka Washington vielelezo zaidi ya 11,000, kuanzia tembo hadi panya na samaki.

Walitoka pwani kwa reli ya Uganda, Roosevelt akiwa amekaa kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini ili aone wanyama. Walishukia uwanda wa Kapiti, ambako mahema yalikuwa yanawasubiri. Kutoka hapo Sotik, Naivasha, Mlima Kenya, kisha Uganda na bonde la Nile kutafuta faru weupe. Safari ilikwisha Khartoum, Machi 1910. Neno safari lenyewe lilikwishaanza kutumiwa na walowezi, lakini makala za Roosevelt zilisaidia sana kulisambaza Marekani. Leo Mmarekani akisema safari anafikiria simba. Sisi tukisema safari tunafikiria basi la saa kumi na mbili asubuhi.

Nani alibeba? Wapagazi zaidi ya 200. Mzigo wa kawaida wa mpagazi zama zile ulikuwa ratili 60, karibu kilo 27, kichwani. Kulikuwa na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Kulikuwa na maktaba nzima ya rais mstaafu, vitabu karibu 60 vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe visiharibiwe na jasho na mvua. Kulikuwa na mahema, mitego, masanduku ya risasi. Halafu, kila baada ya siku chache, ngozi mbichi mpya.

Lugha ya kambini ilikuwa Kiswahili, na wapagazi, kama ilivyo desturi yetu, hawakuwaacha wageni bila majina. Baba aliitwa Bwana Mkubwa, jina lisilo na jipya. Kermit kwanza aliitwa Bwana Mdogo. Baadaye wakalibadilisha, wakamwita Bwana Maridadi.

Nilipolikuta jina hilo kwenye kitabu cha Roosevelt nilicheka peke yangu. Yeye analieleza kwa msomaji wake wa Marekani kuwa ni sifa ya mtu mtanashati, na hakukosea. Lakini mimi na wewe tunajua neno hilo lina mlango wa nyuma. Kijana wa miaka 19, ametoka kwao na mavazi yake na kamera yake, watu 200 wamembebea kila kitu, jioni wamekaa motoni wanamwangalia anapita: Bwana Maridadi. Ilikuwa sifa tu, au walikuwa wanamcheka kidogo? Kiswahili kinaruhusu yote mawili kwa pamoja, na nadhani ndiyo sababu walilichagua.

Jina hilo linanionyesha jambo jingine. Msafara ulipokuwa unatazama wanyama, kulikuwa na macho mengine yanayoutazama msafara. Wale watu waliona. Baadhi yao majina yao yamebaki kitabuni: Bakari, aliyembebea Roosevelt bunduki, Kassitura, mtu wa Busoga, Juma, aliyekuwa na Kermit. Lakini walichokifikiria hakikuandikwa. Roosevelt aliwapenda kwa namna yake, aliwasifu kwa nguvu, uchangamfu na nyimbo zao, kisha akawafananisha na watoto. Kuhusu nyanda za juu za Kenya aliandika kwamba ni nchi inayofaa kwa mzungu. Hiyo ni 1909. Miaka mitano tu nyuma yake, mwaka 1904, Wamasai walikuwa wamehamishwa kutoka maeneo ya Naivasha ili kupisha walowezi, na mwaka 1911 wakaanza kuhamishwa tena, safari hii kutoka Laikipia. Bwana Maridadi alipita katikati ya haya yote na kamera shingoni.

Khartoum walipokelewa na mama, Edith, na dada yake Kermit, Ethel, mwenye miaka 18. Likizo ya familia ikakamilika: wote pamoja wakateremka Nile hadi Misri. Mto ule ule, nchi ile ile, miaka 37 baadaye. Na hapa ndipo penye onyo nililolitaja mwanzoni.

Tarehe 28 Machi 1910 Roosevelt alihutubia kwenye chuo kikuu kipya cha Cairo. Mwezi mmoja nyuma Waziri Mkuu Boutros Ghali alikuwa ameuawa kwa risasi na kijana mzalendo, na nchi ilikuwa moto. Roosevelt alilaani mauaji, jambo ambalo mtu yeyote angelitegemea. Lakini akaenda mbali zaidi. Aliwaambia Wamisri kwamba watu hawawi tayari kujitawala kwa miaka kumi au ishirini, bali kwa vizazi. Wazalendo walikasirika, magazeti yao yakamshambulia, vijana wakaandamana. Kwao ilikuwa ni mgeni aliyekuja kuwatetea Waingereza.

Mimi naiangalia hotuba ile na kumkumbuka mtoto wa dahabiya. Huyu hakuwa mgeni wa jana wa Misri. Aliijua tangu ana miaka 14. Aliweza kukutajia ndege wa Nile kwa Kilatini. Lakini kwa watu wa Nile, wale wa mashambani na wale waliomvutia kamba ya mashua, hakupata kuwa na kitabu, wala miwani, wala mzee wa kumfundisha. Karibu miaka arobaini baadaye akasimama kuwapangia lini wajitawale.

Sitaki uniambie kwamba zama zile hakuna aliyeweza kufanya vingine. Chukua mfano wa familia nyingine, ya kwetu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alitoroka kisiwani mwaka 1866 na kuolewa Aden na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akabadili jina kuwa Emily Ruete. Mume akafa mapema, akabaki na watoto watatu. Mwaka 1885, baada ya miaka 19, alirudi Zanzibar na watoto wake, ambao sasa walikuwa matineja. Haikuwa likizo ya raha. Walikuja na meli ya Wajerumani, waliotaka kumtumia mama huyo katika ugomvi wao na kaka yake, Sultani Barghash, na Barghash alikataa hata kumwona. Lakini mama alikuwa na kitu cha kuwaonyesha wanawe: hapa ndipo nilipozaliwa, hii ndiyo lugha yangu, hawa ndio watu wangu. Mwanawe Rudolph alikuwa na miaka 16 mwaka ule. Alipokuwa mtu mzima, mwaka 1929, alitoa kitabu London. Kilihusu nini? Maisha ya Said bin Sultan, babu yake.

Mmoja alionyeshwa ndege, akakua anajua ndege. Mwingine alionyeshwa kwao mama yake, akakua akaandika historia yake. Miaka 14 au 16 si umri wa kusahau. Wazazi wengi hudhani tineja aliyenuna hashiki kitu. Anashika sana, ila anashika kile alichopewa macho ya kukitazamia.

Kwa hiyo jibu langu kwa kaka na dada zangu wenye watoto ni hili. Wapi pa kwenda si swali kubwa. Teedie alizungushwa nchi nzuri za Ulaya mwaka mzima na hakuambulia kitu. Mpe kazi ya kweli kwenye safari hiyo, kama baba yake alivyompa, na uwe tayari kumfuata matopeni. Kisha ongeza kile ambacho mzee Roosevelt hakukiongeza. Kama unampeleka Dubai, mwambie akirudi akueleze dereva wa teksi anatoka nchi gani, na amewaona wanawe mara ya mwisho lini. Kama unampeleka Zanzibar, usiishie ufukweni, mpeleke akaongee na anayebeba mabegi bandarini, na ajue jina lake. Hata ukimpeleka kijijini kwa bibi, mpe daftari amhoji bibi.

Kermit, kwa taarifa yako, hakuwa na mwisho mwema. Alirudi akamaliza chuo, akaenda na baba yake Brazil mwaka 1914 kwenye mto uliokaribia kuwaua wote wawili, akapigana vita kuu zote mbili, akalemewa na pombe, na mwaka 1943 akajiua akiwa jeshini Alaska. Alikuwa na miaka 53. Juma, Bakari na Kassitura waliishia wapi, kitabu hakisemi. Kama kuna msomaji ambaye babu yake alikuwa anasimulia habari za Bwana Maridadi, ningefurahi sana kumsikia.